Daraja Lililozima Pikapu ya Mjomba

Mara ya kwanza mjomba wangu alipokwenda kuoa katika kijiji cha Mchombe, alifika siku moja baada ya harusi yake, akivutwa na ng'ombe wanne. Padri alikuwa ameshaondoka. Pilau lilikuwa limeshaliwa na watu waliokuja kwa ajili ya pilau. Bibi harusi alikuwa amerudi kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga, kajifunga kanga mbili na kitambaa cha kuzuia vumbi, anapokea magunia kana kwamba Jumamosi haikuwepo.

Hakumfokea. Alizima mashine, akamtazama mjomba na suti yake yenye matope hadi magotini, akawatazama ng'ombe, kisha akazungumza na wazee wa upande wetu kana kwamba mjomba mwenyewe hayupo.

"Mwambieni nampa wiki tatu. Aje na gari lake, likitembea lenyewe. Asije na treni, asije na baiskeli ya kuazima. Nimekaa na injini hii tangu marehemu mume wangu afariki, na nikisikia inakohoa najua inakohoa nini. Mwanamume asiyejua gari lake linaumwa nini, atajuaje mimi naumwa nini? Asipofika, vitu vyenu vya mahari mje mvichukue. Ila mbuzi mmoja tumeshamla."

Mjomba alirudi Ifakara na hukumu hiyo. Alikuwa mgane wa miaka sita. Kwa muda mrefu hatukuwa tumemwona akichana nywele, na mwaka ule alikuwa akizichana kila asubuhi. Hata mimi, niliyekuwa na shaka na kila kitu, sikuwa na shaka na hilo.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, fizikia na ualimu, nikingoja barua ya kazi ambayo haikuwa na haraka ya kufika. Nyumbani nilikuwa nimeshawachosha wote kwa maswali. Nilimuuliza mama kwa nini uji wa mgonjwa lazima ukorogwe na mtu mmoja tu. Nilimuuliza katekista maswali matatu, akaanza kupita njia nyingine kwenda kanisani. Mwishowe mama akasema, "Nenda kwa mjomba wako. Ukaliulize maswali gari lake, lenyewe halichoki."

Ilikuwa pikapu ya dizeli yenye turbo, aliyoinunua ikiwa kuukuu, na ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Ilibeba mpunga kutoka vijijini hadi mashineni, na mchele kutoka mashineni hadi stesheni. Geji yake ya mafuta ilikufa zamani, kwa hiyo mjomba alipima dizeli kwa kijiti cha mwanzi alichokikata alama za kisu. Kifuniko cha tangi kilipotea kijijini Mofu wakati wa mavuno ya mwaka uliotangulia, na mahali pake palikuwa na gunzi la mahindi, kama ilivyo kwa nusu ya madumu yote ya bonde lile. Lakini gunzi la mjomba lilikuwa la kifahari. Mteja mmoja aliwahi kulalamika kwamba wali wake unanuka dizeli iliyomwagikia gunia, na mjomba, kwa aibu, akalivisha gunzi mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukilichomeka ilibidi ulipige kwa kiganja. Tangu siku hiyo tone halikumwagika, naye aliwaonyesha watu gunzi hilo jinsi wengine wanavyoonyesha saa mpya.

Ugonjwa wenyewe ulijulikana mjini kote. Pikapu ilitoa moshi mweusi, ilipiga filimbi chini ya boneti na haikuvuta. Tena, katika safari za njia ya Mlimba, ilikuwa na mahali pake pa kuzimia, karibu na daraja la magogo, kabla hujafika Mchombe. Haikuzimia Katindiuka, hapo jirani, wala sokoni. Ilizimia pale darajani. Watu walishaanza kusema mambo kuhusu lile daraja, na mjomba alikuwa akilikaribia huku akishika rozari.

Tulianza kwa fundi. Gereji yake ilikuwa uwanja wenye mafuta meusi na magari mawili ambayo sikuwahi kuyaona yakiondoka. Fundi alisikiliza injini, mikono kiunoni.

"Pampu," alisema. "Imechoka, haisukumi mafuta. Inatakiwa ikapimwe Dar."

"Umejuaje?" nikauliza.

"Nimejua."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa miaka ishirini, dada."

"Miaka ishirini haipimi presha ya mafuta."

Alimgeukia mjomba. "Huyu umemtoa wapi?"

"Ni mpwa wangu. Ametoka chuo kikuu."

"Nimeona. Haya, mwalimu, pima wewe. Mimi nakwenda kunywa chai."

Kwenda Dar na kurudi na pampu kungemaliza zile wiki tatu na zaidi. Kwa hiyo nilibaki pale na boneti wazi, nikiwa na hasira ya aina ile inayomfanya mtu afikiri vizuri kwa muda mfupi. Moshi mweusi ni mafuta yasiyopata hewa ya kutosha kuungua. Kazi ya turbo ni kusukuma hewa ndani ya injini kupitia bomba nene la mpira. Kama bomba lina tundu, hewa inapotea njiani, na ile filimbi ndiyo sauti yake ikipotea. Nililipapasa bomba lote nisione kitu. Fundi aliporudi na kikombe chake nilimwambia tulifungue.

"Bomba ni zima."

"Basi halitaona haya kufunguliwa."

Alicheka, akalifungua. Tuliziba upande mmoja kwa kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia, upande wa pili kwa kizibo cha mti alichokitoboa na kukivisha mdomo wa kujazia upepo wa tyubu. Nikachovya mkono kwenye povu la sabuni ya unga, nikalipaka bomba lote kama ninamwogesha mtoto, na mjomba akaanza kulijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya kumi, hakuna kitu. Mjomba alikuwa anatokwa jasho, akaniuliza kama chuo kizima kinafundisha kuogesha mipira. Kisha, upande wa chini kabisa, kwenye mkunjo ambao mkono unaufikia lakini jicho haliufikii, povu lilivimba, likawa kubwa kama limau, likapasuka, likavimba tena.

Fundi aliinama akalitazama kwa muda mrefu.

"Ufa huu unafumba ukiwa umelala," alisema. "Unafumbuka ukijazwa." Aliweka kikombe chini. Hakusema nilikuwa sahihi, lakini alifanya jambo zuri kuliko hilo: alikata kipande cha bomba la rejeta la lori, akalivalisha lile bomba letu kama mkono wa shati, akafunga klipu mbili, akazijaribu kwa nguvu zake zote. Peke yangu ningelizungushia raba nikaridhika.

Jioni ile tulikwenda nayo hadi Katindiuka na kurudi. Moshi haukuwepo na filimbi ilinyamaza. Mjomba alikanyaga mafuta, pikapu ikaruka mbele kama imeng'atwa na siafu, na wanawake waliokuwa wakirudi na baiskeli zao wakatusogea pembeni wakipiga kelele. Mjomba alicheka hadi akafuta macho. Nilimwambia, kwa sauti ambayo naikumbuka kwa aibu, kwamba mambo ya pampu na madaraja yameisha, sababu imepatikana, na sababu ni moja.

Jumatano kabla ya harusi tulikwenda kuijaribu njia nzima. Mjomba alijaza tangi hadi mdomoni, akapiga gunzi lake kwa kiganja, tukaondoka Ifakara asubuhi. Pikapu ilivuta vizuri ajabu. Kulia kulikuwa na milima, kushoto mpunga ulioiva, na mjomba aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya besi, akikosea maneno. Tulikwenda hivyo kiasi cha saa moja na kitu. Kisha injini ikasita, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ikajaribu tena, ikakohoa bila moshi wowote, ikazima. Mbele yetu, hatua kama hamsini, kulikuwa na daraja la magogo.

Mjomba hakuimba tena. Alinitazama tu.

Mfugaji wa Kisukuma mwenye mji wake karibu na daraja alikuwa tayari anakuja. Aliwaswaga ng'ombe wanne wakiwa na nira, mnyororo ukiburuzwa nyuma. Ndiye aliyemvuta mjomba siku ile ya suti.

"Mwangaluka," mjomba alimsalimu kwa lugha yake.

"Mwangaluka, bwana harusi. Leo mmechelewa. Ng'ombe nimewafunga tangu nilipousikia mngurumo wenu kule kwenye kona."

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye utakayemvuta leo?"

Nilifungua daftari. Nilikuwa nimeandika muda, mwendo, joto la injini, kila kitu. Niliyasoma yote mara mbili na hayakusema neno. Mjomba, wakati huo, alifanya yale anayofanya siku zote: alishuka, akalitoa gunzi, akachovya kijiti cha mwanzi, akakitazama, akalirudisha gunzi, akafanya ishara ya msalaba, akakaa juu ya jiwe.

"Sasa tunasubiri," alisema. "Likipumzika linawaka."

"Kwa nini?"

"Limechoka."

"Chuma hakichoki kwa saa moja, mjomba."

"Basi mimi nimechoka. Kaa."

Mfugaji alikuwa ameegemea pembe za ng'ombe wake mmoja, anatabasamu. "Hamjamsikia?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyu." Alilionyesha tangi kwa fimbo. "Kila mkimtoa lile gunzi mdomoni anashusha pumzi. Hivi." Akavuta hewa kwa meno, ndefu, ssss. "Hata leo. Mara nne nimemsikia. Nikasema hawa watu wa mjini wanamziba mnyama mdomo na pua, halafu wanashangaa akilala chini."

Mjomba alicheka. Mimi nilifungua mdomo nimweleze mzee yule, kwa heshima, tofauti kati ya gari na mnyama. Nikaufunga. Nilikuwa nimekumbuka kopo. Mwaka wa kwanza chuoni tulichemsha maji kidogo ndani ya kopo, tukafunga kifuniko, tukaliacha lipoe, na kopo zima likajikunja lenyewe kama limekanyagwa, kwa sababu ndani hakukuwa na hewa ya kushindana na hewa ya nje. Nilipata alama nzuri sana kwa lile kopo.

Dizeli inatoka tangini na kwenda kwenye injini. Inapotoka, lazima hewa iingie mahali pake. Likiwa limezibwa kabisa, tangi linaanza kuvuta mafuta yake kurudi nyuma, na pampu, hata iwe mpya namna gani, inanyonya hadi inashindwa. Tangi likiwa limejaa hadi mdomoni hali inakuwa mbaya mapema zaidi, kwa kuwa ndani hakuna hewa ya akiba. Na ni safari gani pekee ambayo mjomba alijaza tangi hadi mdomoni na kwenda saa nzima bila kusimama?

"Mjomba," nikasema. "Siku ya harusi, ilipozima hapa, ulipima mafuta?"

"Na suti? Ninuke dizeli mbele ya padri? Sikuligusa tangi. Nilikuwa nimelijaza mwenyewe, najua lilikuwa na mafuta."

"Ukafanya nini?"

"Nikasali, nikasubiri, nikapiga stata. Nikasali tena, nikapiga stata mpaka betri ikafa."

"Siku nyingine zote ulipima, na ikawaka."

Alianza kukunja vidole. Nilimwona akizihesabu siku hizo moja moja.

"Na gereji?" niliendelea, sasa nikiongea haraka. "Fundi akifanya kazi gunzi linakaa wapi?"

"Juu ya boneti," alisema polepole. "Hulitoa ili achungulie mafuta."

Gari lililokuwa linaugua njiani na kupona gereji! Tulikuwa tumemlaumu fundi, pampu, na daraja lenye magogo tisa lisilo na kosa.

Mtu mwingine angelitupa gunzi mtoni na kwenda nyumbani. Mimi nilisema turudie.

"Turudie nini?"

"Tulizibe vizuri, twende mbele, tuone kama litazima."

"Limeshazima. Unataka kuliua tena?"

"Mara moja tu. La sivyo hatujui, tunadhani."

Mjomba alimgeukia mfugaji kutafuta msaada. Mfugaji alifikiri, akawafungulia ng'ombe wake nira, akapanda nyuma ya pikapu. Alisema hajawahi kualikwa kwenye jambo la kipuuzi kiasi hiki na hataki kulikosa.

Pikapu iliwaka. Tulivuka daraja, tukaenda mbele, tukageuza kabla ya Mchombe ili bibi harusi asituone, tukarudi, tukageuza tena. Watu wa mashambani walianza kutupungia mikono kila tukipita. Mara ya nne hawakupunga, walisimama tu wakitutazama. Na mwishowe, mbele ya shule, mbali kabisa na daraja, injini ikasita, ikakohoa, ikazima.

Sijawahi kufurahi hivyo kwa gari kuharibika. Nilikimbia hadi kwenye tangi, nikatega sikio. "Lipige stata kwanza," nikamwambia mjomba. Alipiga, halikuwaka. "Tena." Halikuwaka. Kisha mfugaji, aliyestahili heshima hiyo, akalishika gunzi kwa mikono miwili na kulivuta. Niliisikia pumzi yenyewe kabisa, ndefu na ya huzuni, ssss, kama ng'ombe anayelala chini baada ya kulima.

"Stata," nikasema.

Likawaka.

Watoto wa shule walikuwa wameshajaa kwenye uzio, na waliposikia injini walishangilia bila kujua wanashangilia nini. Mjomba alishuka, akamshika mfugaji mkono, akautikisa, akashindwa kuuachia. Mimi nilikaa chini kwenye majani. Kwa karibu wiki tatu nilikuwa nimemuuliza kila mtu kila kitu. Nilimuuliza fundi, nikauliza vitabu, nikauliza bomba la mpira. Mtu aliyeivuta pikapu hiyo kwa mnyororo sikuwa nimemuuliza hata swali moja. Na nilipopata jibu langu la kwanza, lile la ufa, ambalo lilikuwa la kweli, niliacha kuuliza kabisa, kwa sababu lilikuwa langu.

Nyumbani kwa mfugaji tulichoma spoki ya baiskeli kwenye moto wa jikoni hadi ikawa nyekundu, tukalitoboa gunzi katikati, toka juu hadi chini. Mjomba alitazama kwa uchungu. Alitaka kujua kama wali wa watu utanuka tena. Nilimwambia tundu ni dogo. Akasema hata aibu ilianza ndogo. Basi mke wa mfugaji akaleta kipande cha kitambaa safi, tukakifunga juu ya tundu, kinachopitisha hewa na kuzuia matone, na kila mtu akaridhika.

Jumamosi tuliondoka mapema. Mjomba alivaa suti ileile, imefuliwa. Nyuma kulikuwa na wanakwaya, godoro, sufuria, na fundi, aliyesema anakuja kuzilinda klipu zake. Nilipomweleza habari za gunzi alisema, "Kwa hiyo mafuta yalikuwa hayafiki. Si ndivyo nilivyosema?" Na kweli, ndivyo alivyosema.

Tulipolikaribia daraja wanakwaya waliacha kuimba. Hakuna aliyewaamuru. Mjomba alishika usukani kwa mikono yote miwili na midomo yake ilikuwa inacheza. Mfugaji alikuwa amesimama kando ya barabara na shati jeupe, na nyuma yake ng'ombe wanne wakiwa na nira, pembe zimefungwa vitambaa vyekundu.

Mjomba alisimamisha gari. Injini iliendelea kunguruma.

"Hao wa nini?" alimuuliza.

"Sikuwa na uhakika," mfugaji alisema. "Mpwa wako ndiye aliyenifundisha."

Aliwakabidhi ng'ombe kwa mkewe, akapanda nyuma kwa fundi, na magogo tisa yakagonga chini yetu, moja moja, wakati kwaya ikianza upya kwa sauti iliyowatisha kunguru.

Mchombe tulisikika kabla hatujaonekana. Bibi harusi alikuwa amesimama nje ya mashine yake na gauni jeupe, si mbele ya kanisa ambako walimtegemea. Vigelegele vilikuwa vimeshaanza, naye akavinyamazisha kwa kuinua kidole. Hakumwendea mjomba. Alitembea hadi ubavuni mwa pikapu, akainua gauni lisiguse tairi, akasikiliza injini. Alisikiliza kwa muda ambao mjomba baadaye alisema ulikuwa mrefu kuliko ile miaka sita.

"Zima," alisema.

Mjomba akazima.

Bibi harusi alilichomoa gunzi. Lilitoka bila sauti yoyote. Akafungua kile kitambaa, akaliinua gunzi usawa wa jicho, akachungulia mbinguni kupitia tundu la spoki.

"Lilikuwa limezibwa," alisema. Halikuwa swali.

"Kabisa," mjomba akajibu.

"Muda gani?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana."

"Na umejuaje?"

Mjomba angeweza kusema uongo mzuri. Alinitazama, akamtazama fundi, akamtazama mfugaji aliyekuwa bado ameketi juu ya godoro. "Sikujua," alisema. "Niliuliza watu."

Bibi harusi alifikiri juu ya jibu hilo. Kisha akalifunga kitambaa upya, kwa fundo bora kuliko letu, akalirudisha gunzi mahali pake, akalipiga kidogo tu kwa kiganja, akazunguka mbele na kufungua mlango wa abiria.

"Washa," alisema. "Padri anasubiri."